ZZ ya Kijani au Nyeusi? Kagua Hivi Kabla ya Kutoa Hela

Habari zenu jamani, karibuni. Leo mezani nina ZZ mbili, ule mmea wa ndani wa majani yanayong'aa, zote nimezichukua kwa wauza miche wa kando ya barabara hapa Dar. Hii ni ya kijani tuliyoizoea, na hii ni ile nyeusi inayouzwa kwa jina la Raven, bei yake imechangamka kwelikweli. Mmeniuliza sana kama inastahili.

Kwanza, muuzaji aliniambia haya ni maua ya Uholanzi. Wapi! Huu mmea asili yake ni huku huku: Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, kushuka Msumbiji mpaka kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Wataalamu wa Ulaya waliuandika tangu 1829, ila Waholanzi walianza kuuzalisha kibiashara miaka ya 1990, ndipo ukajaa maofisini dunia nzima. Umetoka kwetu, tunauziwa kama mgeni.

Haya, naitoa kwenye kopo mwone. Haya matunguu huku chini, yamenona kama viazi. Hapa ndipo mmea unapoweka akiba ya maji. Na hii fimbo mnayoiita shina, kitaalamu yote ni jani moja. Hivi vya pembeni ni vipande vyake tu. Sasa bonyeza hapa chini, inapochomoza kwenye udongo. Ikiwa ngumu, chukua. Ikibonyea na kutoa harufu ya kuoza, achana nayo hata ukipunguziwa bei. Kopo likiwa limetuna ubavuni usiogope, matunguu yamejaa, andaa tu chungu kikubwa kidogo.

Halafu chukua kitambaa cheupe, futa jani. Mnaona? Hii ya kijani imepakwa mafuta. ZZ inang'aa yenyewe, haihitaji mafuta, na mafuta hayo yanakamata vumbi. Nitaifuta kwa maji, yaishe.

Kwenye nyeusi, tazameni hili chipukizi: kijani kibichi! Hamjaibiwa. Raven huchipua kijani, kisha majani yanaingia weusi taratibu yanavyokomaa. Mimi ningetia shaka kama hata chipukizi jipya lingekuwa jeusi tii; hapo huenda limepakwa rangi, sugua vizuri na kitambaa chako.

Matunzo ni yale yale kwa zote mbili, na kinachoziua ni huruma. Mtu kila asubuhi na kikombe cha maji! Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, kikitoka na udongo mbichi, ahirisha. Wakati wa masika unaweza kukaa hata mwezi bila kumwagilia. Vile vyungu vya kauri visivyo na tundu ni vizuri kwa macho tu; mmea uache kwenye kopo lake lenye matundu, utumbukize humo, na maji yakituama umwage. Udongo changanya na mchanga wa mto na makumbi ya nazi, usigandamane. Kwenye kona yenye giza hautakufa upesi, ila hautakua pia. Uweke karibu na dirisha, jua kali la mchana lisiupige.

Wauzaji husema mimea ya ndani inasafisha hewa, na wanapenda kutaja utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani. Utafiti ule wa 1989 ulifanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa. Uchambuzi wa 2019 ulikokotoa kwamba ili mimea ifikie kazi ya hewa inayopita kawaida ndani ya nyumba, unahitaji kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Sebuleni utakaa wapi? Fungua dirisha.

Kuna uvumi pia kwamba ukiugusa mmea huu unapata saratani. Hapana, kuugusa hakuleti saratani. Utomvu wake una chembe za kalsiamu oksaleti, unawasha ngozi na mdomo, kwa hiyo nawa mikono ukishaukata, na mtoto anayetambaa au paka mtafunaji asiufikie.

Kwa hela yangu, nachukua kijani, tena kubwa yenye fimbo nyingi. Nyeusi mnunulie mtu mwenye ukuta mweupe na dirisha zuri. Kwenye kona ya giza weusi wake hauonekani, utakuwa umelipia kivuli. Walio Njombe na Mafinga, msimu wa baridi ingizeni ndani, na maji punguzeni zaidi.