Pedi Moja ya Wino wa Nili kwa Kadi za Idi: Nimeitumia Wiki Sita

Ndugu mtazamaji, itazame kwanza kadi hii kabla sijasema mengi. Unaona korosho nne zinazofuatana kama watu walio safarini, ya mbele imekolea hadi inakaribia weusi na ya nyuma kabisa imepauka kama moshi wa ubani, na pengine umekwisha kujiambia kwamba nimetumia wino wa aina nne. Wino ni mmoja. Umetoka katika pedi hii ndogo ya rangi ya nili, ambayo nimeitumia kwa wiki sita kutengeneza kadi za Idi, na leo nataka kuisifu na kuisema kwa kiasi kinachoistahili. Chapa yake sitaitaja, kwa sababu walioitengeneza hawajanilipa, na aliyeniuzia pale Kariakoo hakunipunguzia hata shilingi mia.

Umbo la pedi na namna ya kuifungua sitavieleza, kwa maana kila aliyewahi kusimama mbele ya karani akisubiri muhuri anavijua. Kinachoitenga na pedi ya karani ni wino wenyewe. Wino wa kawaida wa ofisini ni rangi iliyoyeyuka, hivyo ukigusa karatasi hunywewa mara moja na nyuzi zake, hukauka upesi na kingo zake husambaa kidogo. Wino huu una chembe za rangi zisizoyeyuka, ambazo hukaa juu ya karatasi na kukauka taratibu sana. Wengi walioniandikia baada ya kununua pedi za namna hii wanalalamikia uvivu huo wa kukauka, nami nimekuja kuutetea, ingawa si kwa moyo wote kama mtakavyoona.

Tazama mikono yangu. Muhuri huu nimeuchonga kwa wembe kutoka katika soli ya ndala iliyokatika mkanda, nayo ni malighafi ninayoipenda kuliko kiazi, kwa sababu kiazi hutoa maji na kesho yake kimesinyaa. Naugusisha kwenye pedi mara tatu kwa wepesi bila kuukandamiza, kwani ukiukandamiza wino huingia ndani ya mistari uliyoichonga na korosho yako inageuka doa. Naushusha juu ya manila, nahesabu moja, mbili, kisha nauinua wima. Hiyo ndiyo korosho ya mbele. Sasa angalia vizuri, kwa sababu hapa ndipo ilipo siri yote: sirudi kwenye pedi. Nachukua kipande cha karatasi nyembamba nilichokikata kwa umbo lile lile, nakilaza juu ya korosho ya kwanza bila kukiburuza, maana wino bado mbichi, kisha nagonga mara ya pili pembeni, muhuri ukipanda nusu juu ya kipande hicho. Nakiondoa. Umeona? Korosho ya pili imefifia, na inaonekana kana kwamba imejificha nyuma ya ile ya kwanza. Nakihamishia kipande juu ya hiyo ya pili, nagonga mara ya tatu, na rangi inakuwa ile ya sare ya shule iliyofuliwa mihula mitatu. Mara ya nne unabaki moshi tu, na hapo nasimama, kwa kuwa mara ya tano haionyeshi kitu ila alama za vinyweleo vya soli.

Nimejaribu kazi hiyo hiyo kwa pedi ya ofisini, tena zaidi ya mara moja ili nisiionee. Wakati ninaoweka na kunyoosha kile kipande cha karatasi, wino wa ofisini unakuwa umeanza kukauka juu ya muhuri wenyewe, na korosho ya pili inatoka na mabaka. Wino wa pedi hii hunisubiri. Uvivu ule ule unaolaumiwa ndio unaonipa rangi nne ndani ya rangi moja, na mtu akitaka wino unaokauka haraka na wakati huo huo unaosubiri, basi anataka vitu viwili vinavyogombana.

Kuna mtazamaji aliyeniambia kwamba kadi ya rangi moja ni dalili ya kuishiwa. Nilicheka, kisha nikamkumbuka Hokusai, mchoraji wa Japani, na wachapaji wenzake wa Edo, mji ambao leo tunauita Tokyo, ambao katika karne ya 19 walichapa picha nzima, bahari na milima na watu, kwa buluu iliyokolezwa na kufifishwa tu. Picha za namna hiyo huitwa aizuri-e, na hakuna anayezitazama akasema rangi ziliwaishia. Hata hivyo nakubali kwamba rangi moja haikuachii pa kujificha: mpangilio mbaya huonekana mara moja. Mimi hukimbilia mpangilio ambao mama zetu wameuvaa maisha yao yote, yaani pindo kuzunguka kadi, mji katikati, na jina chini, kama ilivyo kwenye kanga. Jina silichongi, kwa kuwa herufi lazima zichongwe kinyume nami hukosea. Naandika kwa mkono, “Idi njema, mama mkubwa,” basi.

Kuhusu bei, mwaka jana pedi hii niliiacha dukani kwa shilingi 14,000 nikiona ni ghali, na mwaka huu nimeinunua kwa 18,000, hali pedi ya karani ni 4,000. Wapo wanaouza seti yenye rangi kumi na mbili kwa bei inayokaribiana na hii, na wenzangu wenye chaneli za ufundi wanaisifu mno. Nimeiazima. Vipedi vyake ni vidogo kuliko korosho yangu, hivyo unalazimika kupakapaka, na rangi saba kati ya hizo hutazigusa. Nilipoanza video hii nilikusudia kusema kila mtu anunue pedi ya nili, lakini nikifikiria watoto wanaotaka kugonga kadi ishirini za marafiki kwa alasiri moja, nadhani pedi ya karani inawatosha na itawaokoa mashati.

Sasa lile ninaloisema. Nilitengeneza kadi kumi na moja usiku, nikazipanga moja juu ya nyingine, na asubuhi kila kadi ilikuwa imemgongea mwenzake mgongoni. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, upe wino usiku mzima, kadi zikiwa zimetandazwa. Manila inayong'aa usiitumie kabisa, kwa maana wino hauna pa kushika. Tumia isiyong'aa, gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba. Karatasi ya A4 ikatwe nusu, kila nusu ikunjwe mara moja, nawe utapata kadi mbili za milimita 105 kwa 148 zinazoingia katika bahasha ya C6. Hizi hazidai mchango wa harusi, kwa hiyo anayepokea hufungua bahasha bila wasiwasi.

Kuanzia wiki ijayo video zitatoka Ijumaa jioni badala ya Jumamosi, na ya kwanza itahusu bahasha za kukunja mwenyewe. Kadi niliyoigonga mbele yenu ina karibu dakika kumi na mbili sasa. Naigusa korosho ya mbele kwa kidole, hivi. Tazameni kidole changu.