Mkono wa breki uligusa mpini: uzoefu wangu na baiskeli ya kukodi

Nimejizuia siku kadhaa nisiandike haya, nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Jumamosi moja, si zamani, nilikodi baiskeli ya milimani kwa watu wanaokodisha pale pale njia ya msituni inapoanzia. Njia za namna hii zinajulikana zilivyo wikendi: wakimbiaji, wazee na fimbo zao, mbwa, watoto, waendesha baiskeli wanaopanda wakihema na wengine wanaoshuka kama wanafukuzwa. Njia yenyewe sina neno nayo. Ni tamu! Kuna mahali kona tatu zinafuatana, kingo zimeinuliwa kwa udongo ulioshindiliwa vizuri, baiskeli inalala kushoto, inainuka, inalala kulia, nami nikajikuta nacheka peke yangu. Ningependa niandike hilo tu na kutoa nyota zote tano.

Lakini kuna ile breki ya nyuma.

Nilipokabidhiwa baiskeli niliibana, mkono wake ukaingia mbali, laini kama nakamua sponji. Nikamwambia kijana wa kaunta. Macho hakuyatoa kwenye simu. "Dada, hizo ni breki za mafuta, ndivyo zilivyo."

Sivyo zilivyo. Ninazo kwenye baiskeli yangu mwenyewe, ambayo siku hiyo ilikuwa na rimu iliyopinda. Mafuta hayabonyei, na ndiyo sababu yakatumika: unabana mkono, mafuta yanasukuma pistoni, pistoni zinasukuma pedi, pedi zinaikaba diski. Kinachobonyea ni upepo. Ukiona mkono unaingia mbali, halafu ukiupigapiga mara mbili tatu unakaza, kisha ukiuacha unalegea tena, basi upepo umeingia kwenye mafuta. Hilo halihitaji uwe fundi. Niliupigapiga, ukakaza. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nikaondoka nayo. Najua sikupaswa.

Kupanda hakukuwa na shida, breki huihitaji sana ukipanda. Kwenye kushuka nikawa nabana mara kwa mara maana watu walikuwa wengi. Kibao cha mwanzo wa njia kinasema wazi: baiskeli impishe mtembea kwa miguu, na anayeshuka ampishe anayepanda. Sheria nzuri, naiheshimu. Ila kumpisha mtu ni lazima uweze kusimama.

Baada ya kona ya mwisho njia inanyooka, changarawe zimelegea, mteremko umezidi. Katikati yake alikuwa amechuchumaa mtoto wa miaka minne au mitano hivi, anachimba kwa kijiti. Nikabana breki zote mbili. Mkono wa breki ya nyuma ukaenda moja kwa moja mpaka ukagusa mpini, ukabana vidole vyangu viwili katikati. Hakuna kitu. Ikabaki ya mbele peke yake, na ya mbele peke yake kwenye changarawe inafanya gurudumu liteleze. Likateleza. Mtoto aliinua uso akaniangalia, wala hakuogopa, kile kijiti bado kinaning'inia mkononi. Nikaisukuma baiskeli kwenye ukingo, nikaanguka kwa bega. Baba yake alikuwa hatua tano nyuma, akaja mbio akamnyakua, kisha akaniinua mimi. Hakunigombeza. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na yangu pia.

Nikashuka kwa miguu, baiskeli mkononi, mpaka chini.

Sasa nisikilizeni. Sikutaka kurudishiwa hela, nilitaka mtu aseme pole. Kijana yule aliikagua baiskeli kwanza kabla ya kuniangalia mimi, akaona mkwaruzo kwenye pedali, akasema kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima: "Anayejua kuendesha hababaiki na breki." Akakata kwenye amana yangu.

Hapo ndipo nilikuwa nimeamua kutoa nyota sifuri kama ingewezekana. Ila kulikuwa na fundi wao nyuma, mtu mzima, mikono myeusi kwa grisi, aliyesikia yote. Akaja, akaibana breki mara moja tu, uso ukabadilika. "Pole sana, dada. Hii haikutakiwa kutoka." Akanionyesha baiskeli nyingine zilizopangwa chini juu, zimesimamia kiti na mpini. Akasema breki za mafuta zina kikopo kidogo juu kwenye mkono, na upepo kidogo uliomo hukaa humo bila madhara. Baiskeli ikilazwa chini juu usiku kucha, upepo ule unapata njia ya kuingia kwenye mpira wa mafuta. Amewaambia wasizipange hivyo. Wanazipanga hivyo kwa sababu hazichukui nafasi.

Kwa ajili ya mtu huyo nikasema basi, nyota mbili. Labda tatu, maana tairi zilikuwa nzuri, gia hazikuruka hata mara moja, na zile kona tatu bado naziota.

Nikachukua begi langu nikaondoka. Nilipofika getini nikageuka. Fundi ameitwa upande wa pili kufunga mnyororo wa mtu, na kijana wa kaunta amekwisha kuirudisha baiskeli niliyoanguka nayo kwenye mstari, chini juu, tayari kwa anayefuata.

Nyota moja. Nikarudi mpaka kwenye foleni, nikawaambia wale wawili waliokuwa mbele: baneni breki ya nyuma kwanza, mkiona mkono wake unaingia mbali msiipokee. Mmoja wao alikuwa na mtoto.