Chati ya ukuaji ya SMART: nimeijaribu kwa mjukuu wangu

Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa mgonjwa wa majaribio. Nilichukua kijitabu chake cha kliniki, nikamwambia mpwa wangu, fundi wa kompyuta, aingize kilo zake zote tuone hiyo programu ya kuchora chati za ukuaji wa watoto inafanya nini.

Kilichonifikisha hapo ni uchungu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha watoto katika kliniki moja ndogo ya Kisauni, Mombasa. Miaka mitatu iliyopita tulihama mfumo wa rekodi. Muuzaji wa ule wa kwanza, jina lake nalihifadhi, alitudai pesa ndipo atukabidhi rekodi zetu wenyewe, na tulipolipa akatuletea PDF peke yake, kurasa za kusomwa tu zisizoingia kwenye mfumo mpya. Vijana wawili wa kibarua walikaa wiki mbili wakinakili. Chati za ukuaji hatukuziona tena, maana zilichorwa na mfumo ule ule na nje yake hazifunguki.

Wanaokumbuka gesi ya zamani watanielewa: kila kampuni ilikuwa na kichwa chake cha mtungi, ukihama unanunua na regyuleta nyingine. Rekodi za wagonjwa ndivyo zilivyo mpaka leo kwingi. Mwaka 2009 madaktari wawili wa Boston, Kenneth Mandl na Isaac Kohane, walitaka mfumo wa hospitali uwe kama jiko lenye kichwa cha aina moja, daktari achomeke programu anayoitaka na aichomoe akiichoka. Mradi wao ukaitwa SMART. Baadaye uliegemea FHIR (tamka "faya"), lugha ya pamoja ya kubadilishana taarifa za afya. Chati hii ya watoto ni moja ya programu zake, na ni bure.

Mpwa wangu aliiunganisha na OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao hata KenyaEMR, ule wa vituo vya serikali, umejengwa juu yake. Siku ya kwanza tukaona ukurasa mweupe. Kumbe kosa letu: uzito tuliuandika kwa jina tulilojibunia, na programu inautafuta kwa nambari inayojulikana dunia nzima, 29463-7. Urefu nao ni 8302-2. Ukikosea hapo hakuna chati, hata ubembeleze vipi. Aliporekebisha, mfumo ukaniuliza kama naruhusu programu isome rekodi ya mtoto huyu. Nikakubali, nukta zikajipanga.

Basi tazama. Miezi sita, kilo 7.6. Miezi saba, 7.7. Miezi tisa, 7.8. Kijitabuni kila namba imeandikwa na sista wake, kalamu yake, na kila mmoja alimwambia mama "anaongezeka". Ni kweli anaongezeka. Lakini kwenye mikondo ya WHO, Shirika la Afya Duniani, mstari wake ulilala kama mkeka, ukatoka karibu na ule wa katikati ukashuka hadi chini kidogo ya mstari wa asilimia 15, yaani katika watoto mia wa umri wake, wepesi kuliko yeye hawafiki kumi na tano. Nilimpigia mwanangu simu pale pale. Mama mtoto alikuwa amerudi kazini, na yaya anampa uji mwepesi unaomwagika kama chai.

Kuna pia ukurasa wa mzazi, picha zaidi na namba chache. Natamani ungekuwa na Kiswahili, kwa sasa natafsiri kwa mdomo. Mpwa wangu anasema msimbo wa programu uko wazi kwa yeyote kuubadilisha, atautia Kiswahili mwenyewe. Namsubiri, pilau nimeshamlipa.

Kasoro kubwa ninayoiona ni kwamba programu hii haitafaa kliniki isiyo na mtu kama huyo kijana. Kuichomeka hakuchukui dakika, ila kuandaa soketi kulituchukua Jumamosi nne. Angalia pia chati iliyochaguliwa: zimo za CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, na mtoto yule yule akiwekwa huko mstari unasoma vingine. Sisi tunatumia za WHO.

Juzi Jumanne alikuja kijana wa mauzo, suti na tabuleti, anatuuzia mfumo mpya. Nikampa soda, nikamuuliza kama chati yangu itafunguka ndani ya mfumo wake. Akasema wao wana chati yao, nzuri zaidi. Nikamuuliza, na siku nikihama? Alisema atauliza ofisini anipigie.