Kununua nguo Dar es Salaam: Karume, Kariakoo, Sinza au Mlimani City?

Orodha hii nimeipanga kwa ajili ya mtu anayeishi kwa mshahara wa kawaida au biashara ndogo, ana watoto wanaokua kila kukicha, na anataka nguo ikae. Anayenunua suti ya harusi yake ana mahitaji mengine, na nitamgusa kidogo huko mbele.

Kipimo changu cha kwanza ni kitambaa, kabla ya bei na kabla ya fasheni. Jiji letu liko pwani. Februari unatoka kuoga na jasho linakusubiri mlangoni, na ukipanda daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni umevaa blauzi ya polista utajuta kuzaliwa. Masika ikifika, Machi mpaka Mei, unyevu unaingia kabatini, viatu vya ngozi vinaota ukungu, na zipu za bei chee zinashika kutu kwa wanaokaa karibu na bahari. Kwa hiyo swali la mnunuzi wa Dar ni hili: wapi nitapata pamba nzuri, yenye mshono imara, kwa hela niliyonayo? Ukiliuliza hivyo, mpangilio unabadilika kabisa na ule wa mapambo ya duka na kiyoyozi.

Namba moja: mitumba ya Karume na Ilala

Naiweka juu bila kusita. Soko la Karume liliungua Januari 2022, na wafanyabiashara wake walirudi kwa sababu wateja walikuwa bado wanawahitaji. Jinzi nzito za pamba, mashati ya ofisini, makoti kwa anayesafiri kwenda Mbeya au Arusha, sweta za watoto, viatu vya ngozi: vitu hivi hapa unapata vya kiwango ambacho dukani ungelipa mara kadhaa zaidi.

Kinachowashinda wengi ni saa. Mitumba inakuja imefungwa kwenye mabelo, mengi ya kilo 45 hivi, na belo likifunguliwa asubuhi wa kwanza kulizunguka ni wachuuzi wenye maduka Sinza na Kinondoni. Hao wanatoa bei kubwa na kuondoka na gredi ya kwanza. Baada yao wanakuja wateja wanaochagua kwa kipande. Kadiri jua linavyopanda bei inashuka, na jioni kilichobaki kinamwagwa chini kwenye turubai, kijana anapiga makofi na kuimba "chagua chagua, buku, buku mbili!" Mwenye fedha na muda mfupi aende mapema. Mwenye jicho zuri na subira aende alasiri. Nguo za watoto wa chini ya miaka mitano mimi nazitafuta jioni, kwa sababu nyingi zilivaliwa miezi michache tu na mwenyewe akakua, na wachuuzi wa asubuhi hawazihangaikii sana.

Ukishika jinzi, igeuze ndani nje. Anza pale mishono minne inapokutana kati ya mapaja, maana ndipo inapokwisha kwanza. Ivute kidogo, uinue juu uielekeze kwenye mwanga. Ukiona nyuzi zimeachana kama chandarua, irudishe, hata kama nje bado inang'aa. Kisha pandisha zipu na kuishusha mara kadhaa, maana zipu inayokwama sokoni haitapona nyumbani. Shati liangalie kola kwa ndani na kwapani: doa la njano la kwapa halitoki kwa sabuni yoyote, usimsikilize anayekuambia litatoka. Angalia pindo la mikono kama limesagika. Halafu soma lebo ya ndani. Wauzaji wengi hawana habari na kilichoandikwa pale, wanapanga bei kwa kuangalia muonekano, kwa hiyo shati la pamba tupu lililokunjamana unaweza kulipata kwa bei ndogo kuliko la polista lililonyooka. Hapo ndipo faida yako ilipo.

Nguo za ndani za mitumba usiguse. TBS, shirika la viwango la taifa, wamezipiga marufuku, na wapo wanaoendelea kuziuza. Kwenye viatu, kunja soli kwa mikono miwili. Soli iliyokaa ghalani miaka inapasuka au kumeguka unga hapo hapo, na bora ipasukie mikononi mwa muuzaji kuliko miguuni mwako Posta. Ukifika nyumbani, loweka nguo kwenye maji ya moto na sabuni, anika juani, piga pasi. Ile harufu ya belo inaisha ukifua mara moja au mbili.

Kuna gharama ambayo watu husahau kuihesabu, nayo ni ya fundi. Mitumba imeshonwa kwa miili ya watu wengine. Suruali inakaa nyonga lakini kiuno kinapwaya, shati lina mikono mirefu. Fundi cherehani wa mtaani kwako atapunguza kiuno na kukata pindo kwa hela ndogo, na nguo itakukaa kama ilishonwa kwa ajili yako. Mtafute fundi kabla hujaenda sokoni, umuulize kipi kinawezekana. Kubana nguo ni kazi rahisi. Kuitanua ni kazi ngumu, na mara nyingi haiwezekani, kwa hiyo ukiwa na shaka chukua kubwa.

Kama unaishi Temeke, Tandika itakufaa bila kuvuka mji. Wa Ubungo na Kimara wana Manzese, hasa kwa viatu.

Namba mbili: Kariakoo

Wageni wa jiji wanafanya kosa moja: wanaulizia soko la Kariakoo wakitafuta nguo. Lile jengo maarufu alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, lilijulikana zaidi kwa mazao na vyakula. Nguo ziko kwenye mitaa inayolizunguka. Khanga na vitenge tangu zamani ni Mtaa wa Uhuru. Nguo mpya za watoto, madera, suruali na vitu vya kila siku viko Mtaa wa Kongo na vichochoro vyake, na humo begi lako liweke kifuani. Ukishuka mwendokasi Msimbazi au Gerezani unatembea kidogo tu umefika.

Kariakoo inaishi kwa jumla. Wanunuzi wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura, Moroni, na ukisimama kwenye korido ya ghorofa yoyote utasikia Kiswahili cha Kongo kikijadili bei za dazeni. Hilo ndilo la kutumia. Maduka mengi yana bei mbili, na ile ya jumla huanza kwa vipande vichache tu, vitatu au sita kutegemea duka. Tafuteni watu watatu, majirani au wenzako wa kazini, mnunue pamoja. Kwa sare za shule na soksi za Januari sijaona njia nyingine inayoikaribia hii kwa nafuu. Nendeni mapema Desemba, kabla wazazi wa jiji zima hawajakumbuka.

Kwa rejareja utajadili bei, na hakuna haja ya ukali.

"Dada karibu, dera hizi zimeingia jana."
"Ahsante kaka. Bei gani?"
"Ishirini tu kwa ajili yako."
"Nina kumi na mbili."
"Aa dada, hiyo hata mtaji haifiki. Toa kumi na nane."
"Nikichukua mbili?"

Hilo swali la mwisho lina nguvu kuliko kulalamika. Ukishajua bei ya mbili, muulize jirani yake bei ya moja. Na ukishataja bei muuzaji akakubali, nunua. Kumchosha mtu nusu saa kisha kuondoka si ustaarabu.

Sasa khanga. Hapa nina hisia zangu na sizifichi. Nchi hii inalima pamba Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kuziruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru, nchi nyingine zikalegeza, Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye nafuu hizo. Kwa hiyo mitumba ipo na mimi nainunua. Lakini khanga nanunua ya kiwanda cha nyumbani, kila mara. Tumekua tukibebwa mgongoni kwa khanga za Urafiki, kiwanda kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, na kila doti ya pamba inayotoka kiwanda cha hapa ina kazi ya mtu wa hapa ndani yake.

Khanga mpya ni ngumu kwa sababu ya wanga. Wauzaji wanajua mteja hupenda ugumu huo akidhani ni unene. Chukua pembe moja, isugue kati ya vidole mpaka wanga utoke, halafu ipapase: kilichobaki ndicho kitambaa chenyewe. Kama hujaridhika, omba uchomoe uzi mmoja pembeni uuchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Kitenge kigeuze upande wa pili. Chenye rangi iliyoingia vizuri kinakaribiana pande zote mbili, na kilichochapwa juu juu kinaonekana cheupe nyuma. Cha namna hiyo kitakupendeza kwenye sherehe moja, kisha kitafifia kwenye kamba ya kuanikia.

Jezi za Simba na Yanga ziko kila kona hapa, maana klabu zote mbili zina makao yao eneo hili, Simba Msimbazi na Yanga Jangwani. Bandia ni nyingi. Kama unaipenda timu, nunua kwenye maduka yaliyoruhusiwa na klabu, fedha iwafikie.

Mwisho kuhusu Kariakoo: dai risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na hakikisha kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Ukiwa umebeba mzigo, hata wa watu watatu, maofisa wa TRA, mamlaka ya mapato, wanaweza kukusimamisha, na "nimenunua kwa rafiki" si jibu.

Namba tatu: maduka ya Sinza, Mwenge na Kinondoni

Haya ni kwa asiye na Jumamosi ya kupoteza. Mwenye duka ameshaamka alfajiri kwa niaba yako, amechagua gredi ya kwanza Karume, amefua, amepiga pasi, ametundika. Mengine yanauza mchanganyiko wa mtumba mkali na nguo mpya kutoka Dubai, Istanbul na Guangzhou. Unalipia jicho lake, na jicho zuri lina thamani. Kuna chumba cha kujaribia, jambo ambalo Karume utalifanya juu ya nguo ulizovaa.

Sharti langu ni moja tu: uliza waziwazi kama nguo ni mpya au mtumba. Dada mwenye duka mwaminifu atakujibu papo hapo. Lebo ya karatasi inayoning'inia si ushahidi, lebo hizo zinauzwa. Angalia kola kwa ndani kama nilivyoeleza.

Anayetafuta suti ya harusi aanzie huku, na aende na fundi wake.

Namba nne: mall

Mlimani City imekuwepo tangu 2006, kuna maegesho, ulinzi, bei iliyoandikwa na, katika maduka mengi, ruhusa ya kubadilisha kitu ukiwa na risiti. Kwa viatu vya michezo vya mtoto, sidiria, au zawadi ambayo huna uhakika na saizi yake, naenda huko na silalamiki. Slipway na Sea Cliff ni za matembezi ya Jumapili, uone bahari, watoto wale aiskrimu. Nguo zake zimepangiwa bei kwa watalii na wenye mishahara ya Masaki. Hata kwenye mall soma lebo: kuna blauzi nyingi za polista zinazouzwa kwa bei ya pamba, na kile kiyoyozi kinakuficha ukweli mpaka utoke nje.

Namba tano: kurasa za mtandaoni

Picha ni ya nguo nyingine, rangi ni ya taa, na saizi ni "inamkaa yeyote". Wapo wauzaji wazuri sana, lakini kitambaa huwezi kukishika, na mimi nimeshasema kitambaa ndicho kipimo changu. Ukilazimika, omba video fupi ya nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, na vipimo vya kiuno na urefu kwa inchi. Lipa ukishapokea na kukagua mbele ya bodaboda. Anayetaka hela yote itangulie, muulize duka liko wapi. Mwenye duka la kweli Kariakoo atakutajia mtaa, jengo, ghorofa na namba ya fremu kwa pumzi moja.