eTIMS katika duka la vifaa vya ujenzi Lamu: uzoefu wangu

Ninauza saruji, misumari, rangi, mabati, kamba na boriti hapa Lamu mjini, na ankara zangu zote hutoka kupitia eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA. Wenzangu wenye maduka huniuliza kama unafaa. Unafaa. Kwa aliyesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, unamwokolea pesa ambazo zamani zilipotea kwa kukosa karatasi. Ila faida hiyo iko mikononi mwa yule unayenunua kwake kuliko mikononi mwako.

Mfumo ulianza 2023. Kabla yake zilikuwako mashine za risiti, na mashine ilikuwa lazima uinunue. Programu hii ni ya bure, na jambo hilo halisifiwi inavyostahili. Unaiweka kwenye kompyuta au simu, na mwenye biashara ndogo anaweza kutoa ankara kwa kupiga *222# kwa simu yoyote. Kazi ni mwanzoni, maana kila bidhaa huingizwa na msimbo wake, kipimo chake na kiwango chake cha ushuru. Saruji haina taabu, mfuko ni mfuko. Lakini misumari tunauza kwa kilo, kamba kwa pima, boriti kwa korja, yaani miti ishirini. Nilikaa na binti yangu baada ya isha tukachagua kipimo kimoja kwa kila kitu, na hatukibadilishi. Ukinunua kwa korja ukauza kwa mti mmoja mmoja bila kupanga, hesabu ya ghala haitalingana kamwe.

Sasa tuje kwenye pesa. VAT ni asilimia 16. Tuseme nimenunua rangi ya shilingi 100,000, nikalipa na VAT ya 16,000. Nikaiuza 120,000, mteja akalipa na VAT ya 19,200. Ninachopeleka serikalini ni tofauti yake, shilingi 3,200. Hayo ni iwapo ankara ya kununulia imo kwenye mfumo. Isipokuwamo, nitadaiwa 19,200 zote, na ile 16,000 niliyomlipa muuzaji itanitoka mfukoni. Faida yangu kwenye rangi hiyo ilikuwa 20,000. Piga hesabu mwenyewe kinachobaki, na bado hujalipa lori, mashua na punda.

Yaliwahi kunifika. Muuzaji mmoja wa jumla, Mombasa, alinipa karatasi ya mkono akasema ankara ya mfumo itafuata kesho. Mzigo ukafika Mokowe, ukavuka, ukapandishwa juu ya punda mpaka mlangoni, ankara haijaja. Ritani ya VAT, taarifa tunayoipeleka KRA kila mwezi, mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Nilipoifungua, manunuzi yangu mengine yalikuwamo tayari, ya mtu huyo hayamo. Nikalipa. Bahati njema sheria inatoa miezi sita ya kudai VAT ya manunuzi, na kwa kumsumbua sana aliitoa, nikaidai baadaye. Lakini pesa yangu ilikuwa imelala kwa watu wakati nilipoihitaji kununua mzigo mwingine. Siku hizi kijana wangu wa Mombasa haachilii malipo mpaka aisome ile alama ya mraba ya ankara kwa simu na kuiona imesajiliwa, tena kwa PIN yangu, namba ya mlipa kodi. Mfanyabiashara wa kisiwani akifuata neno moja tu katika haya, na liwe hilo.

Boriti ni mlango mwingine. Wanaoniletea ni wakata mikoko. Mtu anashusha miti yake, anahesabiwa, analipwa, anarudi Pate au Ndau. Hana duka wala kitabu cha risiti. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haihesabiwi katika kodi ya mapato, isipokuwa zile chache zilizosamehewa. Kwa hiyo mti nilioulipia kwa pesa taslimu unaonekana kana kwamba niliupata bure, na ninatozwa kodi juu ya faida ambayo sikuipata. Nililiona hilo ni dhulma. Sheria ilirekebishwa mwishoni mwa 2024: muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, mnunuzi ndiye anayemtolea ankara, naye muuzaji anaikubali kwa simu yake.

Ni marekebisho mema, na mimi nayatumia. Kizuizi kilichobaki ni hofu. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hii si njia ya kuja kunitafuta mimi?" Nilimweleza kwamba ankara ile haimfanyi kuwa mlipaji wa VAT, kwa sababu usajili wa lazima unaanzia hiyo milioni 5. Alikubali kwa kuwa ananijua, na alimjua baba yangu. Asiyenijua anakataa, kisha miti yake anampelekea asiyemuuliza PIN. Natamani KRA wafike Faza na Kizingitini, wakae barazani na watu, waeleze hadi waeleweke. Semina ya hotelini haimfikii mtu aliyeko mikokoni tangu alfajiri.

Kuhusu mtandao, hapa mjini unatosha siku nyingi.

Nampa eTIMS nyota nne kati ya tano. Kwa wateja wangu, hasa makandarasi na wenye nyumba za wageni Shela: leteni PIN kabla sijakata ankara. Mtu huniambia, "Ami, kata tu, mashua yangoja," halafu kesho anarudi akitaka PIN iongezwe. Ankara ikishatumwa haifutiki. Itabidi nitoe krediti noti ya kuirudisha ile ya kwanza, kisha nikate mpya.