Choo cha walemavu kwenye kituo cha mafuta, barabara ya Jinja kwenda Kampala: nyota 3 kati ya 5

Mlangoni kuna alama ya kiti cha magurudumu, imepakwa rangi ya buluu, inang'aa. Ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kula.

Mimi ni mkazi wa Busia, natumia kiti cha magurudumu, na biashara hunipeleka Kampala mara kwa mara. Ni karibu kilomita 200. Basi ninalopanda husimama kwenye kituo hiki baada ya Lugazi, abiria wanyooshe miguu na wanunue kuku wa mishikaki na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Jina la kituo naliacha, maana vya aina hii viko vingi.

Mazuri yapo. Njia ya kupandia ni ya saruji na haikuinuka sana. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu, na hawa wamekaribia; naipanda mwenyewe bila kusukumwa. Mlango nao ni mpana. Mimi hutembea na futi kamba, wenzangu wanicheke tu: sentimita 84, na kiti changu ni 66. Maji yapo na sabuni ipo. Bei ni shilingi 500 kama kwa kila mtu, nami sina neno.

Shida iko ndani. Mara ya kwanza nilikuta kreti za soda zimepangwa ubavuni mwa choo, na ndoo ya deki katikati. Asiyetumia kiti ataona kachumba kamejaa vitu, basi. Lakini mimi nahama kutoka kitini hivi: naegesha kiti sambamba na choo, nafunga breki, mkono mmoja kwenye kishikio, mwingine kwenye choo, halafu najirusha kwa ubavu. Pale penye kreti ndipo kiti changu kinapotakiwa kukaa. Kishikio ni kimoja tu, cha ukutani. Nilikivuta kabla ya kukiamini, kikacheza; skrubu zimeshika plasta, tofali hazijalifikia.

Halafu mlango unafunguka kwa ndani. Kiti kikishaingia, haufungiki tena. Kondakta, kijana mwenye adabu zake, alisimama nje amenipa mgongo huku ametanda leso mlangoni, na dereva anapiga honi. Mwanaume mzima naweza kumeza aibu hiyo. Mwanamke aliye kwenye hedhi je, kondakta huyohuyo ndiye amshikie leso?

Mhudumu hakuwa mbaya. Aliniambia, "Pole mzee wangu, wazima wakiingia wanachafua, ndiyo maana tunafunga." Namwelewa. Ila choo kinachobaki safi kwa kuwa hakuna anayekitumia ni stoo.

Wengi wetu tumejitungia dawa ya safari: hatunywi kitu tangu alfajiri. Chai naiacha mezani Busia. Waliosafiri hivyo kwa miaka wanajua matokeo yake, maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokwisha, na kwa aliyeumia uti wa mgongo hayo si ya kuchezea, kwa sababu huenda asisikie maumivu mpaka homa impande.

Sheria tunazo. Katiba ya 1995, ibara ya 35, inataja heshima na utu wa watu wenye ulemavu. Mwaka 2008 Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zetu. Ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Tuna hata wabunge wetu maalumu. Hakuna hata mmoja wao atakayekuja kuhamisha kreti. Msimamizi wa kituo anaweza, kwa dakika tano.

Kwa hiyo nilimwita, nikamwonyesha kwa futi kamba. Alisikiliza, hilo nampa. Niliporudi, kreti zilikuwa zimeondolewa na ufunguo unaning'inia dirishani kwa keshia. Mwombe yeye, usihangaike kumtafuta mhudumu. Kishikio bado kinacheza, kwa hiyo egemea choo chenyewe, na kama unahitaji vishikio viwili, jisaidie Jinja kabla hujapita.

Nilikuwa nimewapa nyota 2, sasa ni 3. Fundi akigeuza bawaba mlango ufunguke kwa nje, nitaongeza ya nne.