Siku nne Lisbon na mjomba: anzeni na dhahabu ya Kilwa, mnara utawasubiri

Asiye na muda achukue hii aondoke nayo: Lisbon naupa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya vilima na mawe yanayoteleza, ntaeleza mbele. Ila kuna kitu kimoja pale, chombo cha kanisani kilichofuliwa kwa dhahabu ya Kilwa, kama ingeruhusiwa ningekipa nyota kumi, na cha kushangaza watu wetu wengi wanaenda Lisbon wanapiga picha mnarani, wanakula keki, wanarudi zao bila kukiona wala kujua kipo.

Tulikuwa watatu, mi, mke wangu na mjomba, kaka yake mama, mzee wa miaka 71 mzaliwa wa Kilwa Kivinje, alikuja kututembelea Ujerumani miezi miwili na kwa kuwa viza yake ya Schengen ilikuwa inaruhusu na Ureno tukaona tusimfungie ndani kwenye baridi, twende naye Lisbon siku nne. Mwenyewe hakutaka habari ya Paris, alisema Wareno anawajua toka shule ya msingi, anataka aone kwao.

Sasa hicho kitu. Nendeni Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya sanaa ya kale, iko mtaa wa Janelas Verdes, mahali fulani kati ya mjini na Belém, mtaa wa kando ya mto Tejo. Humo ndani kuna chombo cha dhahabu kinaitwa Custódia de Belém. Wakatoliki mtakielewa haraka, ni monstransi, kile chombo padri anachoinua chenye hostia katikati. Urefu wake sentimita 73 hivi, kilimalizika mwaka 1506, na dhahabu iliyotumika ilitoka Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alipokuja safari yake ya pili hakuja kuuliza njia, alikuja na meli zenye mizinga, akatia nanga Kilwa na kumlazimisha Sultani Ibrahim akubali kumlipa kodi mfalme wa Ureno la sivyo mji unapigwa. Dhahabu ikatolewa, 1503 ikawa imefika Lisbon, mfalme Manuel wa kwanza akaamuru itengenezwe kitu cha kuwekwa kwenye monasteri yake mpya ya Jerónimos, na kazi hiyo inahesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Dhahabu yenyewe Kilwa ilikuwa inaipata kwa biashara ya bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikitoka bara upande wa Zimbabwe, kwa hiyo ukikiangalia kile chombo unaangalia safari ya nusu ya Afrika.

Kwenye kitako wamezungusha maandishi, na ukiinama ukayafuata taratibu unakuta jina QVILVA, yaani Kilwa. Mjomba aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, mlinzi akasogea, nikamvuta kidogo mkono nikamwambia mjomba rudi nyuma, akanijibu bila kugeuka, "Subiri mjomba, naisoma Kilwa hapa." Tukakaa pale kama dakika arobaini. Juu kuna mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka sehemu ya kioo, vidogo kabisa lakini kila mmoja ana uso wake na nguo yake yenye rangi, katikati yao kuna njiwa mweupe, chini ndege na maua, yaani kila ukidhani umemaliza kuangalia unaona kingine. Mjomba ujana wake alikuwa fundi seremala wa milango ya nakshi, anajua kazi ya mkono akiiona. Alisema maneno mawili tu tukiwa tunatoka: "Aliyeifua hii ni fundi haswa. Ila walioitoa waliitoa wakilia."

Na kulipa kwenyewe hakukuwasaidia, maana 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja Kilwa ikavamiwa na kuporwa, ngome ikaanza kujengwa, mwezi uliofuata Mombasa nayo ikatiwa moto. Wareno walikaa Kilwa mpaka 1512 wakaondoka. Ile ngome iitwayo Gereza mnayoiona leo Kilwa Kisiwani mkivuka kwa jahazi kutoka Kilwa Masoko ina msingi wa hadithi hiyo hiyo, ingawa sehemu kubwa iliyosimama ni ya Waomani waliokuja kuijenga baadaye.

Makumbusho hiyo hiyo ina michoro mingine mikubwa, kuna wa mchoraji Bosch ambao watu wanaujazia, lakini mi nawaambia mtafute zile skrini za kukunja za Kijapani zinazoonyesha meli ya Wareno inafika Japani, angalieni mabaharia vizuri mtaona watu weusi mle ndani, wengine wanapanda milingoti. Mke wangu alizipenda hizo kuliko vyote.

Siku ya pili Belém. Tramu namba 15, treni ndogo ya barabarani, toka Praça da Figueira inawafikisha, inajaa, pandeni mwanzo wa njia. Monasteri ya Jerónimos ujenzi wake ulianza mwaka 1501 na pesa zilitoka kwenye ushuru wa asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki, kwa hiyo ukipita kwenye zile nguzo zilizochongwa kamba za meli na matumbawe ujue na bahari yetu imechangia. Ni pazuri mno, sidanganyi, dari la kanisa limesimama juu ya nguzo nyembamba kama minazi inayofungua makuti juu, unashindwa kuamini ni jiwe. Sisi kanisani tuliingia bure, ua wa ndani ndo wa kulipia na foleni yake inapigwa na jua, nunueni tikiti kwa simu kabla.

Ukiingia tu mlangoni kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama, kulia la mshairi wao Camões. Amelala pale wa jiwe jeupe, viganja vimekutana kifuani, ubavuni wamemchongea meli. Alifia Cochin India mwaka 1524, mabaki yakaja kuletwa kanisani humo mwaka 1880. Watalii wanapanga mstari kupiga naye picha. Mjomba alisimama miguuni pake muda, mikono nyuma, hakusema kitu, akatoka nje akakaa kwenye benchi, na sisi tukamwacha.

Mnara wa Belém ni mzuri ukiuangalia kutoka nje jioni jua likizama mtoni Tejo, kuingia ndani si lazima. Ule mnara mwingine mkubwa wa kisasa, Padrão dos Descobrimentos, wenye mabaharia wamepanga mstari kama wanapanda jahazi, uliwekwa wa kudumu mwaka 1960, na jina lake linatokana na zile nguzo za mawe walizokuwa wanasimika kila wanapofika, kama ile ya Malindi ambayo mpaka leo ipo ufukweni. Chini yake kuna ramani ya dunia ya marumaru, watoto wanakimbia juu yake. Nilikwenda nikasimama pwani yetu. Kiukweli mnara ule haukunigusa, wale wote juu wanaangalia mbele tu na hakuna hata mmoja wa upande wa pili waliomfikia.

Kutoka hapo vukeni mkale pastéis de Belém, zinauzwa pale pale tangu 1837, keki ndogo za maziwa na mayai, ganda linavunjika kama chapati ya maji iliyokauka, unanyunyizia mdalasini mwenyewe. Msisimame kwenye foleni ya nje ile ni ya kubeba, ingieni ndani kuna vyumba vingi vyenye vigae vya bluu na meza zinapatikana. Na hapo kwenye meza ndo mjomba alianza mchezo ambao hatukuumaliza siku zote nne, maana alimsikia mhudumu anasema "mesa", akashtuka, "Huyu kasema meza?" Basi tukawa tunahesabu: mesa meza, bandeira bendera, lenço leso, copo kopo, fronha foronya, padre padri, vinho mvinyo. Na gereza wanasema limetokana na igreja, yaani kanisa, hilo mjomba alilitafakari mpaka usiku. Kwa anayependa lugha Lisbon ni raha tupu, unatembea barabarani unaokota maneno.

Wao nao walichukua kwetu. Kuku wa piri-piri yuko kila kona na hilo neno wala halihitaji mkalimani, na chamuças ni sambusa zilizopitia Goa na Msumbiji, kuna migahawa midogo ya watu wenye asili ya Msumbiji inapika vizuri kuliko hoteli za watalii. Tahadhari moja: ukikaa tu wanakuletea mkate, zeituni na jibini bila kuomba, hiyo inaitwa couvert na inalipiwa. Mgahawa mmoja karibu na Rossio walituwekea mpaka na kamba wa baharini, tukala tukidhani ni ukarimu, bili ilipokuja kile kikapu kilikuwa na bei ya mlo mzima wa mtu mmoja. Kama hutaki sema tu hapana, watakitoa na hawakasiriki.

Vilima sasa. Alfama ni mtaa mkongwe, jina lake Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya moto ya kuogea, ndugu yake hamamu yetu, Waislamu waliushika mji mpaka mwaka 1147. Vichochoro vyake ukizima simu unaweza kudhani uko Mji Mkongwe Unguja, nguo zimeanikwa madirishani, wamama wanaongea dirisha kwa dirisha, mtu anachoma samaki nje. Ila unapanda, unapanda tena, na barabara zote ni vile vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na miguu ya miaka mingi, mvua ikinyesha kidogo tu ni kama umemwagiwa sabuni. Mke wangu alianguka kwenye ngazi siku ya tatu, goti likavimba. Viatu vya raba vyenye meno, tafadhali sana, na mzee mpandisheni kwa teksi halafu mshuke naye kwa miguu, sio kinyume chake.

Tramu 28 kila mtu atawaambia mpande. Ni ya mbao ya njano, inakwaruza kona mpaka unaona inaingia dukani kwa mtu, inafurahisha, lakini tuliyoipanda saa nne asubuhi tulibanana kama dagaa na mkono wa mtu uliingia mfukoni kwa mjomba, bahati akaushika, mwenye mkono akashuka kituo kinachofuata kama hana habari. Pandeni kabla ya saa mbili asubuhi, mtakaa kwenye siti na mtaona kitu. Kadi ya usafiri nunueni stesheni ya metro muijaze pesa, tikiti ya kukata ndani ya tramu ni ghali.

Sehemu iliyotunyamazisha wote ni Carmo. Ni kanisa lililobaki kuta na matao tu, paa hakuna, unasimama katikati unaangalia mbingu. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani na mishumaa inawaka, ardhi ikatikisika, maji ya bahari yakaja juu, moto ukamaliza kilichobaki, na hapa wakaamua wasiezeke tena. Ukishuka chini Baixa unakuta mitaa imenyooka kama imepigwa rula, hiyo ni kazi ya waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, baada ya tetemeko, na ndani ya kuta za nyumba zile waliweka fremu za mbao zilizofungwa kama tenga ili zikitikiswa zisianguke. Mjomba kama seremala aliuliza maswali mengi mpaka mwongozaji akaacha kundi akamchorea kwenye karatasi.

Usiku wa mwisho tuliingia kusikiliza fado, nyimbo zao za huzuni, ukumbi mdogo Alfama, meza kama kumi. Taa zinapunguzwa, hata vijiko vinanyamaza, mama mmoja mwenye shali nyeusi anaimba kafumba macho na gitaa la nyuzi 12 linamjibu. Mjomba ni mtu wa taarabu, wimbo wa pili ulipomshika akainuka na noti ya euro tano mkononi aende kumtunza, nikamshika kanzu, mjomba huku hawatunzi, akakaa lakini aliiweka ile noti mezani mbele yake mpaka mwisho, na yule mama alipomaliza akapita kwetu mjomba akampa mkono kwa mikono miwili. Hawakuwa na lugha moja na hawakuhitaji.

Tuliswali pia msikiti mkuu wa Lisbon, karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, waumini wengi asili yao Msumbiji, Guinea-Bissau na Asia ya Kusini, tulipokelewa vizuri mno na mzee mmoja wa Nampula akampeleka mjomba pembeni, wakawa wanaongea yeye na Kimakua chake na mjomba na Kiswahili cha Kilwa wanakutana katikati.

Mwisho la kiutendaji: makumbusho Jumatatu yanafungwa. Sisi tulifika Janelas Verdes Jumatatu tukakuta mlango umefungwa, mjomba na kanzu yake iliyopigwa pasi, ikabidi turudi kesho yake. Angalieni na tovuti yao kabla ya kwenda, maana wakati mwingine kuna matengenezo na baadhi ya vyumba haviingiliki, na mkifika mlangoni ulizeni moja kwa moja chumba cha Custódia kiko ghorofa gani.